SOMO: Kwa nini telefone inakataa? Kujiandaa kwa mtihani wa mawasiliano na mitandao isiyo na waya



Somo la safari hii ni kwa vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa mawasiliano ya telefone na mitandao isiyo na waya, wawe katika chuo ao wanajisomea peke yao. Wapo wengi kati ya familia zilizohamishwa na vita. Waliacha darasa katikati ya mwaka, madaftari yakabaki nyumbani. Lakini bado wana telefone mkononi, na mnara wanaouona kila siku. Hivyo viwili vinatosha kuanzia.

Tunaomba viongozi nao wasome, hata kama hawataandika mtihani. Mambo yaliyomo yanagusa maneno mengi yanayozuka kambini, na mara nyingine maneno hayo yanaumiza watu.

Mnara una nafasi ngapi?

Siku ya hatari telefone haipiti. Watu wanasema haraka: «Wameikata!» Nani ameikata? Hapo kila mtu anataja adui wake, na kabla ya jioni kabila fulani limekwisha kuhukumiwa. Ni kweli kwamba mara nyingine mtandao hukatwa kwa makusudi, ao mazuti ya jenereta yamekwisha, ao mnara umeharibiwa. Lakini mwanafunzi wa mawasiliano anajifunza sababu nyingine, ambayo haihitaji adui yeyote.

Katika mfumo wa GSM, ule wa telefone ndogo za vitufe, kila redio ya mnara inagawanya muda wake katika vipande 8. Walau kipande kimoja kinachukuliwa na kazi za mnara wenyewe: kutambua telefone zilizo karibu, kuziita, kupitisha SMS. Vinabaki 7. Basi redio moja inabeba mazungumzo 7 kwa wakati mmoja. Kampuni ikibana sauti hadi nusu, yanaweza kufika 14, lakini sauti inapungua uzuri. Mnara wa mjini una redio nyingi. Mnara uliojengwa kwa ajili ya kijiji kidogo unaweza kuwa na chache sana, na kampuni haikujua kwamba siku moja maelfu ya watu wangelala chini yake.

Aliyefundisha dunia kuhesabu jambo hili ni Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya telefone ya Copenhagen. Alichapisha hesabu zake mwaka 1909 na mwaka 1917, wakati telefone zote zilikuwa za waya, na hesabu hizo zinatumika hadi leo. Kipimo chake kinaitwa erlangi. Njia moja ikishikwa na maongezi kwa saa nzima bila kupumzika, hiyo ni erlangi 1.

Tuhesabu. Tuseme watu wa kambi wanajaribu kupiga mara 300 kwa saa, na kila maongezi yanachukua dakika 2. Hizo ni dakika 600. Gawanya kwa 60: erlangi 10. Mnara una njia 7. Ukitumia fomula ya Erlang, utaona kwamba kati ya simu 100, kama 41 zinakataliwa. Sasa tuseme watu ni wale wale, ila kila mmoja anaongea dakika 1 tu. Mzigo unashuka hadi erlangi 5, na kati ya simu 100 zinazokataliwa ni kama 12. Hakuna aliyeongeza redio kwenye mnara. Watu wamefupisha maneno tu.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu hupenda kuuliza. Fomula hiyo inadhani kwamba aliyekataliwa anaenda zake. Sisi hatuendi zetu! Tunabonyeza tena na tena, kwa sababu tunamtafuta mtoto ao mama mzazi. Kwa hiyo hali yenyewe inakuwa mbaya kuliko hesabu. Tarehe 27 Mei 2021, viongozi walipoamuru sehemu ya mji wa Goma ihame kwa sababu ya volkano Nyiragongo, watu wengi sana walielekea Sake kwa siku moja. Mwanafunzi achukue kalamu, akadirie mwenyewe mzigo ambao umati kama huo unauweka juu ya minara michache ya njiani.

Kumbuka pia kwamba SMS haipiti katika zile njia 7 za sauti. Inapita katika kile kipande cha kazi za mnara. Ndiyo maana SMS inaweza kufika wakati sauti imekataa kabisa. Kiongozi anayetaka kujulisha familia siku ya fujo aandike ujumbe mfupi, usiozidi herufi 160 ili uwe SMS moja, na awaambie watu wafanye vivyo hivyo.

Na yule anayepanda kilima, anauona mnara kwa mbali, lakini telefone inasema hakuna mtandao? Mnara wa GSM hupima muda ambao mawimbi yanachukua kusafiri, kwa hatua za mita 550 hivi, na hatua zenyewe zinaishia kwenye kilometa 35. Zaidi ya hapo, katika mpangilio wa kawaida, mnara hauwezi kukupokea hata kama mawimbi yanakufikia vizuri.

Mawimbi na urefu wake

Neno «masafa» linawasumbua wanafunzi, kwa sababu nyumbani linaweza kuwa na maana ya umbali. Katika somo hili masafa ni mara ngapi wimbi linatikisika kwa sekunde moja. Umbali tutauita umbali.

Mawimbi ya redio yanakwenda kasi ya mwangaza, kilometa 300.000 kwa sekunde. Kupata urefu wa wimbi kwa meta, gawanya 300 kwa masafa ya megahezi. Redio ya FM kwenye megahezi 100: meta 3. Telefone ya GSM kwenye megahezi 900: sentimeta 33. Wi-Fi kwenye megahezi 2.400: sentimeta 12 na nusu. Ukifahamu hapo umefahamu mengi: wimbi refu linazunguka kilima na kupenya majani kwa urahisi kuliko wimbi fupi. Ndiyo sababu FM inasikika hata ndani ya bonde, lakini Wi-Fi ya ofisi inakufa nyuma ya ukuta wa pili.

Desibeli bila kuogopa

Hapa ndipo wengi wanaanguka, basi tukae kidogo. Desibeli si kitu cha kushikwa kama lita ao kilo. Ni njia ya kusema mara ngapi. Shika mambo mawili: kuongeza desibeli 3 ni kuzidisha kwa 2, kuongeza desibeli 10 ni kuzidisha kwa 10. Kupunguza ni kugawanya vivyo hivyo. Nguvu ya chombo huandikwa dBm, yaani imelinganishwa na miliwati 1. Kwa hiyo 0 dBm ni miliwati 1, 10 dBm ni miliwati 10, 20 dBm ni miliwati 100, na 30 dBm ni wati 1.

Uzuri wake ni kwamba kuzidisha kunageuka kujumlisha. Mama anayeuza unga sokoni anajua faida yake kwa kujumlisha na kutoa: bei, usafiri, kodi ya meza. Hesabu ya mtandao usio na waya ni hiyo hiyo. Chombo kinatoa nguvu, waya unakula kidogo, antena inaongeza, hewa inakula sana, antena ya upande wa pili inaongeza, waya wa pili unakula. Kinachobaki ndicho kinachofika.

Hewa inakula kiasi gani? Kwa gigahezi 2,4, na bila kizuizi chochote, kilometa ya kwanza inakula desibeli 100. Kila ukizidisha umbali kwa mbili, ongeza 6. Kilometa 2 ni 106, kilometa 4 ni 112, kilometa 8 ni 118. Kilometa 10 ni 120. Ukishika namba hizo kwa kichwa, hutahitaji mashine siku ya mtihani.

Tuchukue kazi kamili. Kituo cha afya kiko kilometa 8 kutoka ofisi yenye intaneti. Chombo kinatoa 20 dBm. Waya kila upande unakula 2. Antena kila upande inaongeza 14. Andika mstari mmoja: 20 − 2 + 14 − 118 + 14 − 2. Jibu ni −74 dBm. Chombo cha kupokea kinahitaji walau −80 dBm ili kisikie. Umebakiwa na desibeli 6. Wanafunzi wengi wanaandika «mtandao utafanya kazi», nao wanapoteza alama. Desibeli 6 ni akiba ndogo mno. Antena ikisogezwa kidogo na upepo, ao mti ukiota, imekwisha. Fundi mwenye busara anatafuta akiba ya 10 hadi 20.

Mwingine atasema: basi weka antena kubwa, za 24. Sawa: 20 − 2 + 24 − 118 + 24 − 2 ni −54 dBm, na akiba ni 26. Vizuri sana. Lakini swali linalofuata katika mtihani litakuwa: ni nguvu gani inayotoka mbele ya antena? Jibu ni 20 − 2 + 24, yaani 42 dBm. Kwa kuwa 40 dBm ni wati 10, na desibeli 2 zaidi ni kama mara 1,6, hiyo ni wati 16 hivi. Nchi nyingi haziruhusu nguvu hiyo bila kibali. Jibu zuri la ufundi linaweza kuwa kosa la sheria, na watungaji wa mtihani wanalijua hilo.

Kuona mnara hakutoshi

Watu wanadhani kwamba jicho likiona upande wa pili, mawimbi yatapita. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanapita kama mkate mrefu, mwembamba kwenye ncha na mnene katikati. Unene huo unaitwa eneo la Fresnel, kwa jina la Augustin Fresnel, mtaalamu wa Ufaransa wa mambo ya mwanga. Katikati ya njia, nusu ya unene kwa meta ni 8,66 mara kipeuo cha pili cha umbali wa kilometa ukigawanywa kwa gigahezi. Kwa ile njia yetu ya kilometa 8 inatoka kama meta 16. Kanuni ya kazi ni kuacha wazi walau asilimia 60 yake, hapa meta 9 na nusu. Mikaratusi iliyopandwa katikati ya njia itakusumbua hata kama unachungulia vizuri juu yake. Na mikaratusi inakua haraka.

Kama uko na milima, milima ni mali. Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha vilele viwili kwa vyombo vya Wi-Fi vya kawaida kwa umbali wa kilometa 279 mwaka 2006, na kilometa 382 mwaka 2007. Siri haikuwa nguvu. Ilikuwa urefu wa milima, antena zilizoelekezwa vizuri, na programu iliyobadilishwa ili isichoke kungoja jibu kutoka mbali.

Mambo mengine tuyapitie upesi. Chaneli za Wi-Fi za gigahezi 2,4 zinaachana kwa megahezi 5 tu, na kila mtandao unahitaji kama 20. Kwa hiyo zisizogusana ni 1, 6 na 11. Mashirika matatu katika uwanja mmoja yakubaliane, kila moja lichukue yake. Yakikataa kuongea, wote watakuwa na intaneti mbaya na kila mmoja atamlaumu jirani.

Kuhusu ulinzi: WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001, usiitumie. WPA2 ilikuja mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Swali hili linaonekana dogo darasani. Kambini si dogo. Orodha ya familia, yenye majina, vijiji walivyotoka na idadi ya watoto, inatumwa kwa mtandao huo. Ikiangukia mikono mibaya, watu wanaweza kutafutwa. Kijana anayesimamia mtandao wa ofisi anashika usalama wa familia hizo, na kiongozi ana haki ya kumuuliza: orodha yetu inalindwa namna gani?

Ruhusa kwanza, antena baadaye

Katika Congo mambo ya masafa yanasimamiwa na ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Sheria mpya ya mawasiliano ilitoka tarehe 25 Novemba 2020. Mwanafunzi ajue tofauti kati ya masafa ya kampuni, yanayolipiwa, na masafa ya wazi ambayo hata hivyo yana masharti ya nguvu.

Lakini katika maeneo ya vita kuna sheria nyingine isiyoandikwa katika kitabu. Kijana anayetembea na waya, antena na chombo chenye taa ndogo anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi. Kwake yeye ni zoezi la shule. Kwa mtu mwenye bunduki barabarani ni jambo lingine. Tunasema wazi: msibebe vyombo hivyo njiani bila barua ya chuo ao ya shirika, na bila kiongozi wa mahali kujua. Msijaribu antena usiku. Msipande mnara wa kampuni hata kidogo: kuna hatari ya kuanguka, kuna umeme, na kuna walinzi. Zoezi la kupima nguvu ya mtandao linaweza kufanywa na telefone moja, mchana, katikati ya watu, mkieleza kila anayeuliza.

Kusoma bila darasa

Kitabu kinachofaa kwa kazi hii kipo bure, kuhusu mitandao isiyo na waya katika nchi zinazoendelea. Kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2006 na kimetafsiriwa hata kwa Kifaransa. Aliye karibu na intaneti akishushe mara moja, kisha wengine wanakili kwa telefone bila kulipa unite tena. Vyombo vimebadilika tangu hapo, lakini mawimbi hayabadiliki.

Mitihani mingi ya vyeti vya kimataifa ni ya Kiingereza, na wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa. Tengenezeni daftari lenye safu tatu: neno la Kifaransa, la Kiingereza, na maelezo kwa Kiswahili kama mngemweleza nyanya. Asiyeweza kumweleza nyanya bado hajafahamu.

Someni watu wanne ao watano. Tunashauri kundi lisiwe la wakimbizi peke yao. Kijana mwenyeji ana nyumba yenye taa na meza. Kijana aliyehamishwa labda alikuwa wa kwanza katika hesabu huko alikotoka. Kila mmoja ana kitu cha kuleta, na hakuna anayeomba. Wazazi wanaoogopa kuwaachia wasichana wasikatazwe kuogopa: somo lifanyike mchana, mahali pa wazi, na ratiba ya kuchota maji na kuni igawanywe ili dada asifike akiwa amechoka baada ya kaka kumaliza kusoma. Prezidenti wa kambi anaweza kutoa kivuli na saa mbili za utulivu. Hiyo haihitaji fedha za mfadhili.

Kila siku fanyeni hesabu tatu tu, lakini kwa mkono. Kabla ya kuhesabu, andika vipimo: ni kilometa ao meta? Megahezi ao gigahezi? Miliwati ao wati? Alama nyingi zinapotea hapo kuliko penye fomula.

Mazoezi

Jaribuni haya kabla ya kusoma majibu. Mnara unapokea simu 90 kwa saa, kila moja dakika 4: ni erlangi ngapi? Chombo kinatoa 26 dBm: ni miliwati ngapi? Kwa gigahezi 2,4, hewa inakula kiasi gani kwa kilometa 16?

La kwanza: dakika 360, yaani erlangi 6. La pili: 20 dBm ni miliwati 100, ongeza 3 ni 200, ongeza 3 tena ni 400. La tatu: 118 na 6, ni desibeli 124.

La mwisho ni la kuzungumza pamoja, wanafunzi na viongozi. Mvua kubwa imenyesha usiku na asubuhi mtandao wa kambi hakuna. Watu wanasema kwamba fundi, ambaye si wa kabila lao, ameuzima. Mtaanza wapi?

Mwanafunzi akumbuke kwamba mvua yenyewe haizuii sana mawimbi ya gigahezi 2,4. Inasumbua zaidi kuanzia kama gigahezi 10 kwenda juu. Kwa hiyo «ni mvua tu» si jibu. Chagueni watu wawili, mmoja kila upande, waende pamoja na fundi. Waangalie betri kwanza, kwa sababu siku ya mawingu paneli ya jua haikuichaji. Kisha wafungue kiungo cha waya pale unapoingia kwenye antena, waone kama maji yameingia. Kisha watazame kama upepo umeigeuza antena. Watakachokiona wakiseme wote wawili, mbele ya watu, kabla fundi hajaanza kutengeneza.